Tunawapa chakula, basi na bima. Mbona wafanyakazi hawajaridhika?

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha minofu ya samaki huku Kanda ya Ziwa, Tanzania. Tuna wafanyakazi zaidi ya mia tatu, ukichanganya wa kudumu na vibarua, yaani deiwaka, wanaoitwa kwa siku kulingana na samaki walioingia. Wengi ni wakata minofu na wafungashaji, wanawake kwa wanaume, wanasimama kwenye maji na barafu shifti nzima.

Mwezi uliopita mkurugenzi aliniagiza niandae dodoso la kupima kama wafanyakazi wanaridhika na huduma za ustawi tunazowapa. Kuna wanunuzi wa nje wanakuja kukagua kiwanda, na siku hizi hawaulizi usafi wa samaki peke yake, wanauliza na hali ya mfanyakazi. Nikaorodhesha: chakula cha mchana, usafiri wa shifti ya usiku, bima ya afya, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), vifaa vya kujikinga kama gambuti (buti za mpira), mchele wa Idi na Krismasi, na rambirambi mtu anapofiwa. Mbele ya kila huduma nikaweka nafasi tatu: nimeridhika sana, nimeridhika, sijaridhika. Karatasi ziligawiwa na kukusanywa na masupavaiza.

Karibu kila huduma imejaa "sijaridhika". Iliyopona ni rambirambi tu. Hiyo inaendeshwa na kamati ya wafanyakazi wenyewe, wanachanga kila mwezi, na kampuni inaongeza kiasi kile kile walichochanga. Baadhi ya watu waligeuza karatasi wakaandika nyuma. Nakuwekea machache kama yalivyo:

"Bima yetu ni ya kwenye kadi tu."

"Basi la usiku linawafikisha watu wa ofisini mpaka mlangoni, sisi tunashushwa barabara kuu saa saba usiku."

"Mmetukata hela ya gambuti mara mbili mwaka huu."

"Mke wangu alijifungua nikapewa siku moja, tena ikatolewa kwenye likizo yangu."

"NSSF nimeangalia, kuna miezi haipo."

"Sisi deiwaka tunaingia kantini wenzetu wakishamaliza. Mboga imeisha."

Mkurugenzi alisoma akakasirika sana. Anasema watu hawa hawana shukrani, viwanda vingine havitoi hata chai. Sasa anataka kantini ifungwe, basi liondolewe, kila mtu apewe shilingi 2,000 kwa siku ajue mwenyewe atakula nini na atafikaje kwake. Ameniambia nimwandikie pendekezo hilo kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama, wafanyakazi wananiona mtu wa bosi, na bosi ananiona nimewachochea wafanyakazi kwa dodoso langu. Mtu anapewa vyote hivi, kwa nini haridhiki? Na hilo pendekezo niliandikeje?

Afisa wa Katikati, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole na hongera. Hongera kwa sababu umenukuu maneno ya nyuma ya karatasi bila kuyalainisha, na maafisa wengi wangeyatupa wakabaki na hesabu za mbele tu. Majibu yako yamo kwenye sentensi hizo sita, na katika ile huduma moja waliyoridhika nayo.

Nianze na hiyo moja, maana wewe na mkurugenzi wako mmeipita haraka. Watu wanaodaiwa hawana shukrani wameridhika na rambirambi. Kwa hiyo shukrani wanayo. Tuulize rambirambi ina nini ambacho bima na basi havina. Mtu akifiwa, kiasi atakachopata kinajulikana kabla hajafiwa. Mkata minofu anapata sawa na mhasibu. Fedha inafika msiba ukiwa bado mbichi, sanda haijanunuliwa na ndugu hawajasafiri. Wanaoitoa ni wenzake aliowachagua, wanaokuja nayo mpaka kwenye turubai na kukaa naye. Hakuna fomu inayozunguka kwa supavaiza, kisha kwa mhasibu, kisha kwa mkurugenzi aliyesafiri. Sisi tumekulia kwenye vikundi vya kufa na kuzikana, tunajua mfuko wa namna hiyo unavyoendeshwa na tunajua mara moja ukianza kuliwa. Kampuni yako ilifanya jambo la busara sana pale: ilitia fedha yake kwenye kitu ambacho watu tayari wanakiamini, ikawaachia wakiongoze.

Sasa shika karatasi nyingine uzisome kwa macho hayo. Hakuna aliyeandika kwamba huduma ni chache. Kila mmoja anasema aliahidiwa kitu, na siku alipokihitaji hakukikuta, au alikikuta kimepunguzwa, au alimwona mwenzake akipewa kizima.

Kabla hatujafika kwenye basi na chakula, kuna jambo zito zaidi ambalo lazima mkurugenzi alielewe. Katika orodha yako ya "huduma tunazowapa" kuna vitu ambavyo kampuni haitoi. Inadaiwa. NSSF ni deni la kisheria. Gambuti ni wajibu wa mwajiri. Likizo ya baba aliyepata mtoto ni haki. Ukimwuliza mtu kama ameridhika na haki yake umeiweka kapu moja na mchele wa Krismasi, na yeye anajua kwamba umefanya hivyo. Anaposoma kwenye dodoso kwamba NSSF ni huduma ya ustawi inayotolewa na kampuni, huku nusu ya fedha ile ikiwa imetoka kwenye mshahara wake, anakasirika hata kama michango yote ingekuwa imefika.

Na kwenu kuna anayesema haijafika yote. Hapo mwanangu simama. Usiandike pendekezo la kantini kabla hujajua ukweli wa sentensi hiyo. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mfanyakazi haitakiwi kuzidi asilimia 10. Mwajiri anatakiwa awe ameuwasilisha ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara husika kwisha. Kukata kwenye mshahara na kutowasilisha ni kosa la jinai, na ucheleweshaji una adhabu inayoongezeka juu ya deni. Lakini mfanyakazi haumizwi na adhabu ya kampuni, anaumizwa na hesabu yake mwenyewe. Ili alipwe pensheni ya uzee lazima awe na michango ya miezi 180, miaka 15 kamili. Mama wa miaka 45 aliyesimama kwenye barafu tangu ujana anahesabu miezi yake kama mtu anayelipia kiwanja kwa awamu. Miezi minne ikikosekana, kwake ni miezi minne ya ziada ya kusimama kwenye barafu atakapokuwa amechoka zaidi. Na mwanamke anayetarajia fao la uzazi naye anaangaliwa michango yake.

Nenda kwa mhasibu, omba hati za malipo za NSSF za miaka miwili, uziweke pembeni ya orodha ya mishahara, mwezi kwa mwezi. Inawezekana fedha ililipwa lakini namba ya uanachama ilikosewa au jina halifanani na la kitambulisho cha taifa, ikakwama. Hilo hutokea mara nyingi na hurekebishwa kwenye ofisi ya NSSF. Inawezekana pia haikulipwa. Vyovyote utakavyokuta, hiyo ndiyo aya ya kwanza ya pendekezo lako.

Gambuti sina mengi ya kusema. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape mavazi ya kujikinga watu wanaofanya kazi kwenye maji na unyevu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata mshahara wa mtu ila pale sheria inapoagiza au mwenyewe alipokubali kwa maandishi. Gambuti zinatoboka kwa sababu ya kazi. Rudisheni hizo fedha.

Yule baba aliyepewa siku moja: sheria hiyo hiyo ya 2004 inampa siku zisizopungua tatu zenye malipo, alimradi azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, na haziguswi kwenye likizo yake ya mwaka ya siku 28. Aliyefiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye ana siku zisizopungua nne. Nakutajia na hiyo kwa sababu nina wasiwasi. Watu wenu wanaisifu rambirambi, lakini je, mnawapa na muda wa kuzika? Angalia kumbukumbu zako. Na kwa kuwa mna shifti ya usiku, angalia pia kama ile nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa iliyofanywa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inaonekana kwenye salari slipu. Hukuitaja, na hakuna aliyeilalamikia. Mara nyingi wasiolalamika ni wale wasiojua kwamba ipo.

Sasa bima. "Ya kwenye kadi tu." Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi na sentensi hiyo nimeisikia katika kila sekta, kwa maneno yale yale. Maana yake hugawanyika. Kuna mahali mwajiri amechelewesha malipo, kampuni ya bima ikafunga kadi, na mtu anaambiwa dirishani, mbele ya foleni, mtoto yuko mgongoni anachemka, kwamba kadi haisomi. Kuna mahali kadi inasoma lakini kiwango cha mwaka kimeisha mwezi wa tano, hakuna aliyemweleza kwamba kina mwisho. Kuna mahali kadi inakubaliwa hospitali mbili tu za mjini, na wafanyakazi wanaishi nje ya mji ambako kuna zahanati isiyoitambua. Na kuna mahali kila kitu kiko sawa ila dawa iliyoandikwa haimo kwenye kifurushi, mtu anaambiwa akanunue nje.

Kila moja ya hizo ina dawa yake, na dodoso lako haliwezi kuzitenganisha. Ukimwuliza mtu kama ameridhika na bima, atakupa hasira ya siku moja. Mwulize hivi: mara ya mwisho ulipoitumia kadi, ilikuwa wapi, na nini kilitokea? Watu ishirini wakikujibu swali hilo utaijua bima yenu kuliko kampuni inayowauzia. Utaweza kukaa na wakala wakati wa kuhuisha mkataba ukamwambia, tunataka zahanati hii na hii ziingie, na tunataka kila mwanachama atumiwe ujumbe kiwango chake kikifika nusu. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mwajiri wa sekta binafsi ni mchangiaji ndani yake. Mkurugenzi asiwaze kwamba bima ni kitu atakachokifuta akichoka na malalamiko. Inakoelekea nchi hii bima ni wajibu kama NSSF, afadhali ajifunze kuiendesha vizuri mapema.

Jambo lingine ambalo watu wanalichanganya na bima, na kwenye kiwanda cha visu kama chenu ni kubwa: mtu akijikata kidole kazini, hilo halianzii kwenye kadi yake ya bima wala mfukoni mwake. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri anauchangia asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara anayolipa, peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko unalipia matibabu ya aliyeumia na fidia ya ulemavu, na akifariki kwa ajali ya kazi unawalipa wategemezi wake. Kampuni nyingi zinachangia kila mwezi halafu ajali ikitokea supavaiza anamfunga mtu kitambaa, anamwambia akapumzike siku mbili, basi. Ajali haikuripotiwa, fidia haikuombwa, na baada ya mwaka kidole hakikunji. Anayebaki na kidole kisichokunja, halafu akasoma dodoso linalomwuliza kama ameridhika na ustawi, atajibu nini? Anzisha daftari la ajali wiki hii kama halipo, na kila mkato ulioshonwa uandikwe na kuripotiwa.

Kuhusu basi, mkurugenzi anadhani analalamikiwa kwamba hatoi usafiri. Anayelalamika ni mtu anayepanda basi hilo kila usiku, tena amekaa kiti cha nyuma ya mwenzake wa ofisini ambaye atashushwa mlangoni. Saa saba usiku, mwanamke ananuka samaki, anatembea kutoka barabara kuu mpaka kwake gizani, anasikia basi linaendelea na safari. Hakuna hela inayoweza kufidia dakika hizo. Pengine gari haliwezi kuingia kila uchochoro, hilo linaeleweka. Lakini njia inaweza kupangwa na abiria wenyewe. Waite, weka ramani mezani au chora kwa mkono, waseme vituo gani vina taa, nani anaweza kutembea na nani, nani ashushwe kwanza. Kama dereva ana muda wa kuwapeleka wa ofisini mpaka mlangoni, ana muda wa vituo viwili zaidi. Na kama hana, basi wa ofisini nao washuke barabarani na wenzao. Watu huvumilia shida wakiiona imegawanywa sawa.

Hizo shilingi 2,000 badala ya kantini na basi, nakuomba umwambie mkurugenzi azitoe akilini. Bodaboda ya usiku inaweza kuzimaliza zote, na chakula hakijanunuliwa. Kitakachotokea unakijua: mtu atafunga hela apelekee watoto, aje kukata samaki shifti nzima kwa chai kavu, ameshika kisu. Sahani ya ugali na maharage iliyoliwa kiwandani ni lazima iliwe na yeye. Hiyo ndiyo faida ya kantini. Tena sheria ya ajira inataka mabadiliko ya masharti ya kazi yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na yaandikwe. Kama chakula na usafiri vimo kwenye mikataba yenu, au kwenye mkataba wa hali bora, ule wa mwajiri na chama cha wafanyakazi, kama mna tawi la chama, kuvifuta kwa tangazo la ukutani ni kujitafutia safari ya CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi.

Kuna kitu kimoja katika hasira ya mkurugenzi ambacho si cha kupuuza. Anatumia fedha nyingi kweli, na anaona hakuna furaha inayotokea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani, wakiwauliza ni lini walijisikia vizuri kazini na ni lini walijisikia vibaya. Walichokuta ni kwamba yanayomchukiza mtu na yanayomfurahisha ni mambo tofauti. Mshahara, mazingira ya kazi, kanuni za kampuni na namna msimamizi anavyomtendea, vikiharibika vinamchukiza, vikiwa sawa vinamwacha ametulia tu. Furaha ilitokana zaidi na kazi yenyewe, na kufanikisha jambo, na kutambuliwa. Wahandisi wa Pittsburgh si wakata minofu wetu, na mimi siamini kwamba mshahara kwa Mtanzania ni jambo la kutuliza tu. Lakini kwa mkurugenzi wako hoja hiyo inafaa. Asitegemee basi likienda vizuri watu watamwimbia. Wataacha kulalamika, wataacha kuhama kwenda kiwanda cha jirani, na hiyo ndiyo thamani ya fedha yake. Akitaka waipende kazi, aanze na masupavaiza wanaowafokea mbele ya wenzao, maana wapo kila kiwanda, na fulana ya Mei Mosi haijawahi kumponya mtu aliyefokewa mwaka mzima.

Deiwaka nimewaacha mwisho, lakini hao ndio wanaonikaa moyoni. Kuingia kantini mboga imeisha. Hili halihitaji bajeti, linahitaji amri ya dakika moja: wote wale kwa zamu zilizochanganywa, sufuria ipikwe kwa idadi ya walioingia getini siku hiyo. Ila pamoja na sahani, fungua daftari la mahudhurio. Katika viwanda vinavyotegemea msimu huwa kuna watu wanaoitwa "wa siku" ambao wameitwa siku karibu zote kwa miaka. Sheria inasema aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo huyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ikazidi miezi sita, ana haki ya likizo yenye malipo. Wangapi kwenu wamefika hapo? Na NSSF yao iko wapi? Mkaguzi wa wale wanunuzi wa nje atauliza, na akimkuta kibarua anayejua jina la kila mashine, hataamini orodha yenu.

Sasa pendekezo. Usiandike la huruma. Mkurugenzi ameshaambiwa huruma na ameikasirikia. Andika kurasa mbili zenye hesabu. Ukurasa wa kwanza uwe wa yale tunayodaiwa: michango ya NSSF iliyokosekana na kiasi chake, makato ya gambuti ya kurudishwa, likizo zilizokatwa kimakosa, ajali zisizoripotiwa, vibarua waliopitisha miezi sita. Pembeni ya kila jambo weka gharama ya kulipa sasa na gharama ikisubiriwa mpaka afisa kazi au mkaguzi wa mnunuzi alikute. Ukurasa wa pili uwe wa yale tunayotoa kwa hiari, yaani chakula, basi, mchele, rambirambi. Humo usiombe fedha mpya hata kidogo. Omba kamati. Wafanyakazi wachague wenzao kutoka kila shifti, na kiti kimoja kiwe cha vibarua, wapewe bajeti ile ile inayotumika leo na risiti zake, wapange menyu na njia ya basi. Mwonyeshe kwamba ndivyo rambirambi inavyoendeshwa, na ndiyo huduma pekee ambayo fedha yake inamletea heshima. Atakachoogopa ni kwamba wakiona bajeti wataomba zaidi. Huenda wakaomba. Lakini watu wakishajua kilo ya maharage inanunuliwa bei gani na sufuria inalisha wangapi, mazungumzo yanakuwa ya watu wazima.

Kama mna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, au la chama kingine, mwenyekiti wa tawi aione rasimu kabla haijafika juu, umjulishe na mkurugenzi kwamba ameiona. Usifanye kwa kificho. Kama hakuna tawi, usilianzishe wewe, wala usilizuie likija.

Dodoso lingine lisipitie mikononi mwa masupavaiza. Weka sanduku lenye kufuli karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, ufunguo ukae kwa kamati.

Na wewe mwenyewe, mwanangu. Nasikia uchovu kwenye barua yako. Afisa utumishi analaumiwa pande zote kwa sababu yeye ndiye mlango ambao kila neno linapitia. Usijibu lawama za kantini, nenda ukale kantini, zamu ya deiwaka, mara kwa mara, bila kutangaza. Panda basi la usiku mpaka kituo cha mwisho. Wakati wa kumkabidhi mkurugenzi kurasa zako utazungumza kama mtu aliyeona.

Akikataa yote, kuna mambo mawili usikubali kuyasaini: orodha ya mishahara inayokata NSSF ambayo unajua haipelekwi, na taarifa kwa wanunuzi inayosema wafanyakazi wameridhika. Mwandikie kwa heshima kwamba huwezi, eleza sababu, omba nakala ya barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa na uitunze nyumbani. Ukifika hapo niandikie tena haraka, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.